Ukiambiwa Usimwambie Mtu, Njoo Uniambie

Mjukuu wangu, mke mwenzangu, weka simu pembeni unisikilize. Nimepokea watoto kwa mikono hii tangu mama yako hajavunja ungo. Uuguzi nimestaafu, macho bado. Haya ninayokuambia nimeyaona wodi ya wazazi, saa nane za usiku, binti wa miaka 15 amening'ang'ania mkono ananiita mama, na yeye mwenyewe kabla hapajakucha ataitwa hivyo hivyo.

Sijakuita nikugombeze. Wa kukugombeza wanatosha. Nimekuita kwa sababu njia hii najua inakoishia, na wewe unaona mwanzo wake tu, pale penye kivuli.

Uchungu una saa nyingi, na mwenye uchungu husema. Mabinti wengi wamenisimulia pale kitandani mambo ambayo mama zao hawajayasikia mpaka leo. Mmoja aliahidiwa ndoa. Mwingine alilazimishwa. Mwingine alimpenda kijana wa darasa lake, akaenda kwa miguu yake mwenyewe. Hadithi hazifanani, lakini karibu zote zina maneno haya: "Aliniambia nisimwambie mtu."

Yashike hayo maneno, mjukuu wangu. Jambo linaloanza na "usimwambie mtu" huishia kila mtu akijua, na wewe ndiye uliyechelewa kusema.

Unajua msimu wa korosho ulivyo huku kwetu kusini. Kuanzia Oktoba minada inafunguliwa, malipo yanaingia, na ghafla kila mwanamume ana shati jipya na kila bodaboda ana chenji. Ndio wakati ambao watoto wa shule wanaonekana wazuri kuliko mwezi uliopita. Hawajabadilika wao. Kilichobadilika ni mfuko wa anayewaangalia.

Na wewe umepangiwa chumba karibu na shule ya kata, kwa sababu kutembea kutoka kijijini kila siku ni mateso. Sikulaumu, wala simlaumu baba yako. Lakini mtoto wa miaka 14 anayepika mwenyewe na kulala mwenyewe kwenye geto, unga ukimwishia Jumatano na mzazi anakuja Jumamosi, ana siku tatu za hatari. Hapo katikati ndipo anapotokea mtu na chipsi.

Zawadi ya gizani hulipwa mchana. Mpime kwa maswali madogo tu. Kama lifti yake ni ya wema, mbona anakushusha kabla hujafika nyumbani? Kama simu ni zawadi, mbona umeificha kwenye mfuko wa unga? Kama anakupenda kiasi hicho, mbona mbele za watu anapita kama hakujui?

Ukikosa jibu, njoo uniambie. Njoo hata kama umeshakula chipsi zake. Chipsi hazina deni la mwili, hata yeye asemeje.

Nitasema na jambo ambalo wazee wenzangu hawapendi niliseme. Mnachezwa unyago mkiwa wadogo siku hizi, wengine hawajafika hata darasa la tano. Nyakanga anawafundisha heshima, usafi, na mambo ya kumtunza mume. Siukatai unyago; nami nilichezwa, na yapo niliyofundishwa yaliyonisaidia. Ila hakuna nyakanga niliyemsikia akimfundisha mwali kumwambia mwanamume hapana na kuondoka. Mnatoka pale mmeambiwa mmekua, na wanaume wameona ngoma, wamesikia mmekua.

Korosho ni tamu, nani asiyejua. Lakini aliyeibandua kwa meno kabla haijakaangwa anarudi nyumbani na midomo iliyobabuka. Subiri, mjukuu wangu. Nakuomba, subiri.

Halafu ujue kwa nini anakutaka unyamaze. Tangu mwaka 1998 tuna Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Mwanamume mtu mzima akilala na binti aliye chini ya miaka 18, sheria inaita ubakaji, hata kama binti alikubali. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu nayo ikaongezwa meno: anayempa mimba mwanafunzi kifungo chake ni miaka 30. Huyo bwana pengine hakumaliza darasa la saba, lakini hiyo hesabu anaijua vizuri sana. Akikwambia "nyamaza, nalinda heshima yako," anaihesabu miaka yake 30.

Na kama amekulazimisha, usikae ukijiuliza ulivaa nini. Kimbia hospitali siku hiyo hiyo, usivuke siku tatu. Kuna dawa za kukukinga na virusi vya UKIMWI, na zipo za kuzuia mimba isishike, lakini zote zinataka mapema. Usioge kwanza, usifue nguo. Polisi kuna dawati la jinsia, watakuandikia PF3. Ukiogopa kwenda, piga 116, haikati hela. Ukiogopa kupiga, njoo tuandamane. Mzee mwenye mkongojo hafukuzwi kituoni kirahisi.

Sasa tuseme hukuniambia. Yamepita, na mwezi umepita bila siku zako.

Hapa ndipo kimya kinapoanza kuua. Nimewaona mabinti wamevaa sweta kwenye jua la Masasi. Nimewaona waliojikaza tumbo kwa kanga mpaka ngozi ikaacha alama. Anahesabu miezi kwa vidole usiku, mchana anacheka na wenzake. Siku walimu wakitangaza wasichana watapimwa, yeye anaumwa kichwa habanduki kitandani. Anakula kidogo asionekane kunenepa, na aliye tumboni anataka chakula. Hana wa kumwambia kwamba mtoto amecheza. Fikiria hilo tu: kitu cha ajabu kuliko vyote kinatokea ndani yako, na unakificha kama umeiba.

Upweke huo, mwanangu, ndio nilioukuta machoni mwao wote. Wanafika hospitali wamechoka na uchungu haujakolea, kwa sababu wamebeba miezi minane peke yao.

Na mwili hauna siri kama mdomo. Binti mdogo mwenye mimba ya kwanza yuko karibu zaidi na kifafa cha mimba kuliko mama mtu mzima. Miguu inavimba, kichwa kinagonga, macho yanaona nyota, halafu degedege. Kliniki wangemfunga ule mkanda wa presha mkononi, wakapima na mkojo, wangejua mapema. Ni kazi ya dakika chache. Lakini hakwenda, maana kliniki kuna majirani.

Nyonga nazo hazijakomaa. Mtoto anakwama, siku mbili nzima, kwa sababu nyumbani walikuwa bado wanabishana nani amebeba aibu hiyo na nani atoe nauli. Akitoka hapo salama roho yake, anaweza kutoka na fistula, mkojo unatiririka usiku na mchana bila idhini yake. Inatibika. Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam imewafanyia upasuaji wanawake wengi wakarudi kuwa watu mbele za watu. Lakini wapo waliokaa nayo miaka, wamefungiwa chumba cha uani, kwa sababu hakuna aliyesema.

Aibu haina maziwa, mjukuu wangu. Haimnyonyeshi mtoto, haimpeleki mama hospitali. Ukiona siku zimepita, sema. Ukishindwa kusema, andika kwenye karatasi uniwekee chini ya mto. Nitasoma. Nitavaa miwani nisome.

Wapo watakaokuletea kikombe cha kitu kilichochemshwa, au vidonge vilivyofungwa kwenye gazeti, ili mimba itoke. Shoga yako atasema dada yake alikunywa na hakuna kilichotokea. Mimi nimewapokea wale ambao kilitokea. Wengine tuliwawahi. Wengine niliwafunika shuka. Kabla hujanywa chochote, njoo kwangu kwanza. Nakuomba kwa jina la mama yako.

Siku ya kujifungua sitakudanganya. Mimba ni ya wawili, kitanda ni cha mmoja. Wapo wakunga, na inaniuma kusema kwa sababu ni kazi yangu, watakaokuuliza, "Wakati unafanya, ulituita?" Hilo neno halijawahi kumsaidia mtoto kutoka. Linamfanya binti abane miguu, aache kusikiliza, asiulize. Ukiambiwa hivyo usijibu na usilie. Vuta pumzi, muulize nesi njia imefunguka kiasi gani. Una haki ya kujua.

Lakini ugumu wenyewe, mke mwenzangu, unaanza ukirudi nyumbani. Hili ndilo nataka ulisikie vizuri, maana mimba inasemwa sana, na yanayofuata hayasemwi.

Uliondoka ukiitwa jina lako. Umerudi unaitwa Mama Fulani, na watu wazima wanalitamka kwa kukukejeli. Wenzako mliocheza nao rede wanakuja siku ya kwanza kumwona mtoto, wanamshika vidole, wanacheka. Wiki ya pili wanakuja wawili. Baada ya hapo mama zao wamewakataza, kana kwamba mimba inaambukiza kwa kusalimiana. Hawakuchukii. Wana mitihani, wana habari za shule ambazo wewe huzijui tena, na wewe una habari za nepi. Mnakosa la kuzungumza.

Jioni unawaona wanapita na sare. Wewe mtoto yuko mgongoni, na miguu yako bado inataka kukimbia nao. Una miaka 16. Hakuna ubaya kutaka kucheza ukiwa na miaka 16.

Kuna kingine, na hiki wananiambia kwa kunong'ona wakijua sitawacheka. Wapo wasiompenda mtoto siku za mwanzo. Anamtazama anavyolia, hasikii kitu moyoni, au anasikia hasira. Anajiona mnyama. Analia bafuni maji yakimwagika ili asisikike. Hiyo ni sonona ya baada ya kujifungua, inawapata hata wanawake walioolewa kwa harusi ya siku saba, na binti aliyezaa katika fedheha inampata kirahisi zaidi. Ina msaada. Lakini ukiificha, siku moja unaweza kumwacha mtoto mlangoni pa mtu ukaondoka, na nimewahi kuletewa watoto wa hivyo, wamefungwa kanga ambayo mtaa mzima unaijua ni ya nani.

Ukisikia hivyo moyoni, niambie. Sitashangaa. Nakuambia tena, sitashangaa.

Na nyumbani je? Baba yako atapiga kelele, halafu atanyamaza. Kelele zina mwisho, kile kimya ndicho kitakachokuumiza, maana atapita mlangoni kwako miezi kadhaa akikusalimu kama mgeni. Mama yako atalaumiwa yeye: "Umemleaje mwanao?" Ataichukua ile lawama, ataibeba kichwani, na jioni ataishushia kwako. Halafu usiku huo huo atakuja kukukanda kwa maji ya moto, bila kusema neno. Usiusahau huo mkono wa usiku. Ule ndio mama yako.

Yule mwanamume sasa. Wataitwa wazee. Kwetu mtoto ni wa upande wa mama na mjomba ndiye msemaji, basi mjomba wako atavaa koti aende kwao. Nitakwambia kitu nilichokiona kwa miaka: mila yetu hii nzuri, inayompa mtoto kwao hata baba akimkana, imewapa wanaume wavivu mlango wa nyuma. "Si mtoto wenu? Mleeni." Wanasema hivyo wakiwa wamekalia mkeka wetu, wanakunywa chai yetu.

Kijana ataruka mimba kwanza. Atasema hakujui, au atasema mlikuwa wengi. Ndio siku utakayojua kwamba yule aliyekuambia usimwambie mtu amekuwa akijiandaa kwa siku hii tangu mwanzo. Hakuna shahidi, hakuna aliyewaona, hakuna ujumbe, ulifuta mwenyewe alipokuambia ufute. Mwenye pikipiki hakosi njia ya kutokea.

Akibanwa ndipo zinapoletwa pesa. Laki kadhaa, ahadi ya magunia, tuyamalize nyumbani. Wewe utakuwa umekaa pembeni unanyonyesha, watu wanajadiliana bei kana kwamba haupo. Kesi inakufa, pesa zinaisha kabla mtoto hajaota jino, na yule bwana msimu ujao anampa lifti mtoto wa jirani. Kama anakana, ustawi wa jamii wapo, na vinasaba hupimwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Mwili wa mtoto unasema hata kama baba yake hasemi.

Au watakuja na wazo la kukuozesha haraka, tumbo lisionekane sana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa wazazi wakikubali. Mwanasheria Rebeca Gyumi aliipeleka mahakamani hiyo, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, serikali ikakata rufaa, Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ikabaki upande wake. Ukiletewa habari za ndoa, uliza kwanza kama huyo bwana harusi ndiye aliyekuficha. Kumfuata mtu aliyekuficha, ukaishi nyumbani kwake, ni kufichwa tena.

Usidhani uko peke yako. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kati ya wasichana 100 wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19, wasichana 22 walikuwa wameshazaa au wana mimba. Miaka saba kabla walikuwa 27. Tunapungua, ndiyo, lakini angalia darasa lako uhesabu madawati, uone 22 ni wangapi. Wote hao wanafikiri ni wao tu.

Nawe kaka mtu, mume wangu mdogo unayejifanya unatengeneza redio huku unasikiliza, sogea. Usidhani haya ni ya dada yako. Ukimpenda binti, mpende mchana. Kama huwezi kumsalimu mama yake njiani, bado hujafika umri wa kumgusa. Na ikitokea mimba, usikimbilie Dar es Salaam kuuza soksi Kariakoo. Nitakufuata. Nauli ninayo.

Turudi kwako, binti. Zamani ukipata mimba shule ilikuwa imekwisha. Niliona mabinti wenye akili kuliko walimu wao wakirudishwa nyumbani na barua mkononi. Mwaka 2017 Rais Magufuli alisimama Chalinze akasema hadharani aliyezaa harudi shuleni, na mlango ukakazwa zaidi. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga, maana nilijua majina ya waliokuwa wanasemwa.

Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri Profesa Joyce Ndalichako alitangaza mlango umefunguliwa, na waraka wa elimu ukatoka: aliyejifungua anarudi kwenye mfumo rasmi. Asiyetaka kukaa tena na wale waliomcheka, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina masomo ya sekondari kwa njia nyingine. Ruhusa ipo. Asiyerudi siku hizi mara nyingi amezuiwa na vitu vidogo: hakuna wa kubaki na mtoto, maziwa yanalowesha blauzi katikati ya kipindi cha hesabu, mwalimu mmoja anamwita mama watoto mbele ya darasa. Na baba anauliza kwa nini alipie daftari mara mbili.

Basi nisikilize ninavyosema. Sitaki uzae sasa. Nataka umalize shule, ukuze nyonga, upate akili ya kumchagua mtu anayekusalimia mchana. Nakuomba, nakuomba tena.

Lakini ikitokea, nitakwenda mwenyewe kwa mkuu wa shule na huo waraka mkononi. Mtoto niachie mimi mchana. Uji najua kuupika, mgongo bado unabeba. Ila tuelewane mapema, mke mwenzangu: usiku ni zamu yako. Akilia saa tisa utaamka wewe, nepi utabadilisha wewe, na alfajiri utavaa sare uende. Ukirudi nitakukabidhi mwanao kabla hujatua begi. Nimeona nyumba nyingi ambamo bibi anaitwa mama na mama anaitwa dada, mtoto anakuja kujua ukweli siku ya ugomvi, na kwangu hilo halitafanyika. Hata kadi yake ya kliniki, pale panapoandikwa jina la mama, wataandika lako.